Mashine ya damu ya makundi matatu: nzuri, ila isiachwe peke yake

Kwa kazi ya kila siku mashine hii, inayohesabu seli za damu na kugawa chembe nyeupe katika makundi matatu (limfosaiti, granulosaiti na kundi la kati la zilizobaki), inafaa: damu kidogo, majibu ndani ya dakika chache. Udhaifu wake hujitokeza saratani kali ya damu inapojifanya maambukizi. Seli changa za saratani huhesabiwa kama limfosaiti au huangukia kundi la kati, na mgonjwa hurudishwa nyumbani na antibayotiki nyingine. Homa isiyosikia dawa, himoglobini na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) zikiwa chini, fizi zikivuja damu? Slaidi ipakwe damu, itiwe rangi ya Leishman, isomwe kwa hadubini siku hiyohiyo. Jumla ya chembe nyeupe ikiwa ya kawaida, isimtulize mtu. Na tafadhali, prednisoloni (dawa ya steroidi) isitangulie uchunguzi wa uboho, huuficha ugonjwa.