Kutolewa mfuko wa nyongo baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo: uzoefu wangu

Hospitali ya Mombasa iliyonitoa mfuko wa nyongo nimewapa nyota nne kati ya tano. Hizo nne ni za upasuaji wenyewe. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya karatasi niliyopewa siku ya kuruhusiwa.

Mimi ni wa Lamu, mtaa wa Langoni. Mwaka juzi nilipasuliwa Nairobi kupunguza tumbo, upasuaji ule wa kubakisha kifuko kidogo kama yai na kukiunganisha na utumbo. Ndani ya mwaka nikapungua kilo 41. Mwili ukipungua kwa kasi hivyo, ini humwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo, na nyongo ikituama huganda vijiwe. Kuna dawa, asidi ya ursodioksikoliki, ambayo wengi huandikiwa kwa miezi sita kuzuia jambo hilo. Mimi sikuandikiwa, wala sikujua kuuliza.

Maumivu yalinishika usiku wa arusi, baada ya biriani: chini ya mbavu za kulia, yakapenya hadi mgongoni, saa tatu nzima. Nikadhani ni vidonda vya tumbo. Altrasaundi ikaonyesha mawe. Daktari akanieleza kwa nini nisingoje: jiwe likiziba mrija wa nyongo, watu wengine hutolewa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, lakini kwangu njia hiyo imeshageuzwa, kazi ingekuwa ngumu zaidi.

Nilipasuliwa Mombasa, matundu manne madogo, nikalala usiku mmoja. Vidonda havikunisumbua kama bega. Tumbo hujazwa gesi ili kamera ipate kuona, na inayobaki huuchokoza msuli wa pumzi, maumivu yakatokea begani. Sikuwa nimeambiwa, nikaogopa ni moyo. Muuguzi akaniinua kitandani: "Tembea dada, itaondoka." Siku ya tatu ikaondoka.

Sasa ile karatasi. Diklofenaki mara tatu kwa siku na chakula laini, basi, kama anavyoandikiwa kila mtu. Nairobi nilikatazwa kabisa diklofenaki na ibuprofeni, kwa kuwa huweza kuleta kidonda pale kifuko kilipoungwa na utumbo. Nami kwenye fomu nilikuwa nimeandika wazi upasuaji wangu wa kwanza! Nilirudi dirisha la dawa, wakanibadilishia parasetamoli. Ewe mwenye tumbo kama langu, soma kila dawa kabla hujatoka getini.

Nilikaa kwa shangazi Kisauni siku sita, kisha basi hadi Mokowe na boti ya kuvuka. Ngazi za gati ndizo zilizonitoa jasho. Mume wangu alinishika mkono, na tumbo nimelifunga leso kama mzazi, juu ya vidonda vilivyofunikwa vizuri. Mkanda wa dukani nilikuwa nao, lakini leso ilinifaa zaidi: laini, na unaikaza au kuilegeza utakavyo.

Kilichotaka subira ni chakula. Bila mfuko wa kuihifadhi, nyongo hudondoka utumboni kutwa kucha, kidogo kidogo, na mlo wa mafuta mengi ukiingia kwa mkupuo huizidi, ukaharisha. Mama kwa mapenzi yake alinipikia samaki wa kupaka kwa tui la kwanza. Vijiko vitatu tu, nikakimbilia chooni. Tukaanza upya: changu wa kuchemsha kwa ndimu, yai, pojo kwa tui la pili lililo jepesi. Kuharisha kwa asubuhi kulikwisha wiki ya tatu.

Hapo ndipo tumbo langu dogo liliponisaidia. Vijiko vichache mara tano kwa siku, samaki au yai kabla ya wali, maji nusu saa baada ya kula: ndivyo nilivyokuwa nikila tangu Nairobi, na ndivyo nyongo isiyo na mfuko inavyotaka. Shangazi alitolewa nyongo zamani, na anasema yeye ilimchukua miezi kujifunza kula hivyo.

Leo ni wiki ya tano. Ndoo za maji bado ananipandishia mume wangu. Ijumaa nilikula wali wa nazi, vijiko vinne, nikalala usingizi hadi alfajiri. Hospitali nimewapigia kuhusu ile karatasi, wakasema wataizungumza. Wakiibadilisha, nitarudi hapa kuongeza nyota ya tano.