Uchambuzi wa Lenzi ya Canon 50mm f/1.8 STM na Namna ya Kuitumia Ikakupa Picha Nzuri

Karibuni, watazamaji wangu. Lenzi hii niliyoishika ni Canon EF 50mm f/1.8 STM. Kwenye jina hilo, 50mm huonyesha jinsi inavyovuta vitu karibu, f/1.8 ni upana wa juu wa tundu linalopitisha mwanga, na STM ni aina ya mota yake ya kulengea. Uzito wake ni gramu 160, yaani ni nyepesi kuliko simu nyingi za siku hizi, nami nimeitumia kwa zaidi ya miaka mitatu kupiga picha za harusi, sendofu na kipaimara hapa Dar es Salaam. Nitaichambua kama bidhaa, lakini muda mwingi nitauweka kwenye namna ya kuitumia, kwa sababu malalamiko mengi ninayoletewa kuhusu lenzi hii hayatokani na lenzi yenyewe. Mtu huinunua, hulifungua tundu lake mpaka mwisho, hupiga picha mia mbili, kisha huniuliza kwa nini sura za watu zimefifia.

Tuanze na umbo lake. Lenzi hii ilitoka mwaka 2015 kuchukua nafasi ya toleo la mwaka 1990, ambalo kitako chake, sehemu inayoshikana na kamera, kilikuwa cha plastiki. Hii ina kitako cha chuma, na umbali wa karibu zaidi inaoweza kulenga, yaani kukifanya kitu kionekane kwa ukali, umepungua kutoka sentimita 45 hadi 35. Tundu lake linafumba kwa vibamba saba vya mviringo badala ya vitano, ndiyo maana taa za ukumbini zilizo nyuma ya bibi harusi hubaki karibu na duara hata ukilifumba kidogo, wakati toleo la zamani lilizigeuza kuwa na pembe tano. Yako pia mambo yasiyonipendeza. Pete ya kulengea haifanyi kazi mpaka kamera iwe imewashwa, mota yake hutoa mlio mdogo ambao maikrofoni ya kamera huunasa wakati wa video, na kingajua kinauzwa peke yake. Aidha, sehemu ya mbele hutoka nje inapolenga kitu cha karibu, na ukizima kamera inaweza kubaki vile vile, kwa hiyo lenga mbali kwanza kabla ya kuzima, ili isije ikagongwa ndani ya mkoba.

Sasa tuje kwenye mwanga. Lenzi ndogo inayouzwa pamoja na kamera, ile ya 18 hadi 55, ukiivuta mpaka mwisho tundu lake haliwezi kufunguka kupita f/5.6. Tundu la f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi ya hapo, na ni vyema mwanafunzi akumbuke kwamba namba inapokuwa ndogo ndipo tundu linapokuwa kubwa. Maana yake ni kwamba katika ukumbi wenye taa hafifu, pale ambapo lenzi ya kwanza ilinilazimisha kutumia shata (muda wa kupokea mwanga) ya 1/30 ya sekunde na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 6400, hii iliniwezesha kupanda hadi 1/160 na kushuka hadi ISO 3200 kwa picha yenye mwanga takribani ule ule. Tofauti hiyo si ndogo. Kwa 1/30, bibi harusi anayeingia akicheza hutoka na mikono iliyovurugika, lakini kwa 1/160 mikono hutulia isipokuwa akiwa anacheza kwa kasi sana. Lenzi hii haina kitulizaji cha mtikisiko, kwa hiyo mimi sishuki chini ya 1/100 hata mtu akiwa ameketi kimya.

Tundu lililo wazi lina gharama yake, na gharama hiyo niliilipa mbele za watu. Katika sendofu moja huko Mbagala, miezi michache baada ya kuinunua, nilipanga watu wanane kwa picha ya familia: wanne wameketi kwenye sofa, na shangazi zake bibi harusi wanne wamesimama nyuma ya sofa. Nilikuwa nimesimama kama mita tano kutoka kwao, tundu likiwa f/1.8, nikalenga jicho la mama mzazi. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu kilionekana safi. Wiki mbili baadaye picha ikachapishwa kwa ukubwa wa kutundikwa sebuleni, na simu niliyopigiwa ilikuwa fupi: “Kaka, mbona mashangazi umewaweka kwenye moshi?” Kwa umbali ule, eneo linalotoka kali, lisilofifia, nyuma ya mtu uliyemlenga halizidi sana sentimita 35, na mashangazi walikuwa karibu mita moja nyuma ya mama. Ningelifumba tundu hadi f/5.6, eneo lote lililo kali lingefika takribani mita mbili, na wote wanane wangeingia bila shida. Tangu siku hiyo, kabla ya kuachia kundi litawanyike, huivuta picha kwenye kioo mpaka nione kope za mtu wa mstari wa nyuma.

Kwa sura ya mtu mmoja, ukisimama umbali wa mita moja na nusu kwa f/1.8, unabaki na takribani sentimita 6 tu zilizo kali, na akigeuza kichwa kidogo, jicho moja linaweza kuwa kali huku la pili likiwa limefifia. Mimi hutumia f/2.8 kwa mtu mmoja na f/4 kwa wawili walioegemeana. Picha pia huwa kali zaidi huko, ilhali kwenye f/1.8 pembe za fremu huwa na giza kidogo, na kingo zinazong’aa, kama hereni juani, hupata mstari wa zambarau. Chagua nukta moja ya kulengea, uiweke juu ya jicho lililo karibu nawe, badala ya kuiachia kamera ijichagulie, maana kamera hupenda kilicho mbele zaidi, na mara nyingi hicho ni pua au shada la maua.

Mandharinyuma yaliyofifia, ambayo ndiyo huwavuta wengi dukani, hayategemei tundu peke yake. Mtoe mtu ukutani. Ukimsimamisha mita tatu mbele ya ukuta na wewe ukamkaribia, hata f/4 itaufanya ukuta ule ulainike, lakini akiuegemea, f/1.8 haitakusaidia chochote.

Lenzi hii haivutiki, na kwenye kamera zenye kihisi (sehemu ya ndani inayopokea picha) kidogo, kama zile tunazoanza nazo wengi wetu, huona eneo jembamba sawa na lenzi ya 80mm kwenye kamera ya kihisi kikubwa. Ili mtu mzima aenee kutoka kichwani hadi miguuni inakubidi urudi nyuma karibu mita nne na nusu. Katika chumba cha kumvalishia bibi harusi, ambacho kwa kawaida kina kitanda, kabati na mashoga zake sita, nafasi hiyo haipatikani, kwa hiyo anayepiga picha za ndani ya nyumba pekee nisingemshauri aanze na hii. Kwa sura, hata hivyo, umbali huo ni faida: ukimsogelea mtu sana kwa lenzi pana pua yake hukua na masikio hurudi nyuma, lakini kwa mita mbili sura hubaki kama anavyojijua kwenye kioo.

Jambo jingine ninaloulizwa sana ni rangi ya ngozi. Kamera hupima mwanga kwa kukadiria kwamba kila kilichomo kwenye fremu, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Sura ya mtu mweusi ikijaza fremu, kamera hudhani pana giza na huongeza mwanga mpaka ngozi inapauka kama imepakwa majivu. Hapo mimi hupunguza mwanga kwa theluthi moja au mbili za hatua (hatua moja ni kuongeza mwanga maradufu au kuupunguza nusu). Shela na gauni jeupe vikijaza fremu, kamera hufanya kinyume, na sura ya bibi harusi hutoka nyeusi tititi. Hapo huongeza theluthi mbili hadi hatua nzima, nikichungulia shela isije ikaungua, yaani ikatoka nyeupe tupu. Saluni ndipo pagumu zaidi, kwa sababu taa za samawati za darini hugombana na mwanga wa mlangoni. Omba taa zizimwe kwa dakika tano, mgeuzie bibi harusi mlangoni, na utaona mashavu yakirudi kwenye rangi yake.

Kuhusu jua la nje, Dar es Salaam iko karibu na Ikweta, hivyo mchana jua hukaa utosini na kuchimba vivuli machoni. Panga picha za ufukweni kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni, na uwaombe wahusika wasichelewe, kwa kuwa likishatua giza halikawii.

Mwisho, kwa wanaotaka iliyotumika. Ilipotoka bei yake Marekani ilikuwa takribani dola 125, na nyingi sasa zinazunguka mikononi mwa watu. Unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya lenzi, hasa zilizofungiwa kwenye mkoba kwa miezi. Kabla ya kutoa fedha, vua vifuniko vyote viwili, ipeleke sehemu yenye giza, umulike tochi ya simu kutokea nyuma huku ukitazama kwa mbele ukiwa umeiinamisha kidogo. Vumbi chembe mbili tatu halina neno. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui kuanzia ukingoni, mrudishie mwenyewe lenzi yake, hata akikupunguzia bei.