fre:ac: programu ya bure niliyohamishia CD za nyumbani

Kama una CD za muziki na unataka kuziingiza kwenye kompyuta, pakua fre:ac, achana na programu zilizokrakiwa. Nimeitumia hapa Kirumba, Mwanza, kwa CD za familia: kwaya za Kanda ya Ziwa, ngoma za Kisukuma na dansi la zamani alilopenda baba. Nyingi sijaziona mtandaoni, na CD ikiharibika ndiyo basi tena.

fre:ac ni programu huria yenye leseni ya GPL (inayomruhusu mtu yeyote kuitumia na kuisambaza), kwa hiyo ni bure kihalali, haina muda wa majaribio. Inakubali Windows, macOS na Linux. Kompyuta yangu ya zamani inaimudu bila shida.

Kwanza nilijaribu Exact Audio Copy, programu nyingine ya kazi hiihii, na sifa zake ni za haki. Nayo ni bure kwa matumizi binafsi. Inasoma kila kipande cha CD angalau mara mbili, kisha inalinganisha matokeo na hifadhi ya AccurateRip, yaani na ya watu wengine waliosoma CD kama hiyo. Lakini CD ya kwaya ya Magu, nani mwingine ameiingiza huko? Kwa CD zetu faida hiyo karibu yote inapotea, unabaki na mipangilio mingi ya kuhangaika nayo.

Kwenye fre:ac, kwa CD zilizochubuka washa cdparanoia, njia ya usomaji makini iliyomo ndani yake. Inarudia kusoma sehemu mbovu, na inakwenda polepole kwelikweli, lakini vumilia. Kabla ya hapo futa CD kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Usifute kwa kuzungusha: mkwaruzo unaofuata mzunguko unaharibu wimbo kuliko ule unaokatiza.

Majina ya nyimbo ndiyo kazi yenyewe. CD zilizotoka kampuni kubwa hupata majina kutoka mtandaoni; za kwetu huja na namba tupu. Nilikaa na mama, nikacheza wimbo mmoja mmoja, yeye ananitajia jina, mwalimu wa kwaya na aliyeongoza sauti ya kwanza. Yote nikayaandika kwenye sehemu ya maelezo ya faili. Kwangu hili lina thamani kuliko ubora wa sauti, kwa sababu kwenye makasha mengi halikuandikwa.

Kwa aina ya faili chagua FLAC, inayobana sauti bila kuipunguzia ubora. CD ya dakika 60 ni kama MB 600. FLAC huipunguza hadi karibu nusu bila kupoteza chochote. MP3 ya kbps 320, yaani ya ubora wa juu kabisa, ni kama MB 145, ila kilichoondolewa hakirudi. Redio nyingi za gari hazisomi FLAC, kwa hiyo za kusikiliza barabarani nazigeuza kuwa MP3 kwa fre:ac hiyohiyo, zile za FLAC zinabaki salama.

Na tafadhali, usikopi faili za .cda, zile unazoziona ukifungua CD kwenye Windows, ukadhani umehifadhi muziki. Kila moja ina baiti 44 tu, inaonyesha wimbo ulipo kwenye CD, basi. Zile CD zenye nyimbo mia za MP3 hazihitaji programu yoyote, unakopi moja kwa moja.

Ipakue kwenye tovuti yao, freac.org, na ukimaliza weka nakala ya pili kwenye diski nyingine, ikae kwa ndugu, si nyumba moja na ya kwanza.