God of War (2018) kwenye PS4: hadithi imenishika, majitu yamenichosha

Hapa Mtwara ukisema unacheza gemu, watu wanajua ni mpira. Vibanda vya mtaani vinajaa vijana wanaolipia mechi, na anayefungwa anampisha mwenzake. Mimi nina mapenzi na aina nyingine, gemu la mapigano lenye hadithi ndefu, na hili, God of War, nimelicheza nyumbani Shangani kwenye PS4, mashine ya magemu, mpaka mwisho.

Kratos, aliyewaangamiza miungu wa Ugiriki katika magemu ya awali, sasa anaishi kaskazini, kwenye nchi ya miungu wengine, akina Odin na Thor. Mkewe amefariki. Ameusia majivu yake yamwagwe kwenye kilele kirefu kuliko vyote, kwa hiyo baba anaondoka na mtoto wao Atreus, ambaye hawajazoeana hata kidogo. Mtu wa kwetu haelezwi uzito wa wosia wa marehemu, ndiyo maana hadithi hii iliniingia tangu mwanzo.

Uzuri wake mkubwa ni jinsi inavyosimuliwa. Magemu mengi ya aina hii yanakusimamisha: unapigana, unaweka pedi ya kuchezea chini utazame sinema, kisha unapigana tena. Hapa kamera haikati picha kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mazungumzo mengi unayasikia ukiwa unatembea au unapiga kasia. Mbele ya safari wanampata Mimir, mjuzi wa habari za miungu, aliyebaki kichwa tu na kufungwa kiunoni mwa Kratos. Mkiwa mtumbwini anatoa visa. Mkishuka ufukweni anakatisha, mkirudi anaendelea palepale alipoachia. Nilikuwa nauzungusha mtumbwi ziwani bila sababu, ili tu kisa kiishe.

Hata vitufe vinasimulia. Shoka ukilirusha unaliita kwa kitufe cha pembetatu, linarudi mkononi na pedi inatetemeka. Raha yake haikuisha. Mraba ni wa kumwamuru Atreus apige mishale. Mwanzoni mishale yake haina kishindo, baadaye huwezi kupigana bila yeye. Halafu mtoto anaugua, unaingia vitani peke yako, unabonyeza mraba kwa mazoea na hakuna anayejibu. Pale nilielewa hofu ya yule baba kuliko maneno yoyote yangeweza kunieleza.

Sasa udhaifu. Majitu yanayobeba nguzo za mawe yanarudiwa mno: jina jipya, rangi nyingine, mapigo yaleyale, na kifo kilekile. Baada ya pambano la mwanzoni na mgeni mmoja asiyesikia maumivu, ambalo ni la kiwango cha juu kabisa, inauma kupewa jitu lilelile tena. Tena hadithi inakuhimiza ufike kileleni, huku gemu linakuvuta pembeni ukusanye fedha na vyuma vya kuboreshea deraya, na menyu zake zimejaa namba. Kupigana na Mavalkiria, wanawake wapiganaji wenye mabawa, ni kazi ya hiari na ngumu sana. Ukipenda hadithi tu, wapite.

Kiswahili hakimo, si kwenye sauti wala kwenye maandishi. Mama mdogo alipokuwa anakaa kutazama nilimtafsiria, lakini kutafsiri huku unapigana ni kazi, na mazungumzo mengine yalinipita. Maandishi ya diski yenyewe ni madogo. Sasisho lililotoka baadaye linayakuza, hivyo tafuta bando ulishushe kabla hujaanza.

Kibandani silipendekezi. Mwendo wake wa kawaida ni kama saa 20, na kwa malipo ya saa utaanza kuruka mazungumzo ili uwahi, wakati mazungumzo ndiyo gemu lenyewe. Kwa mwenye PS4 nyumbani, tafuta diski iliyotumika. Ikishawekwa kwenye mashine haihitaji intaneti kuchezwa, na PS5 yenye sehemu ya diski inaicheza pia. Gemu la mwaka 2022, Ragnarök, linaendeleza hadithi hii, kwa hiyo usianze nalo.