Kuanza na sahani au kuanza na moyo?

Anayetaka kupunguza uzito ana milango miwili.

Wa kwanza ni kubana chakula papo hapo: wali nusu, soda basi, mizani inanunuliwa. Matokeo huja haraka na yanatia moyo. Ila kilo za wiki ya kwanza nyingi ni maji, kwa sababu mwili ukitumia glaikojeni, yaani sukari yake ya akiba, maji yaliyoshikana nayo hutoka pia. Baadaye mizani inagoma, na hapo wengi hukata tamaa.

Wa pili ni kujiuliza kwanza: nakula saa ngapi, nikiwa na hali gani? Nilifanya hivyo wiki mbili, na daftari dogo kando ya kitanda. Mchana sikuwa na shida. Shida ilikuwa saa nne usiku, baada ya simu ya nyumbani kuhusu ada ya wadogo zangu: chipsi mayai, tena nimeshakula ugali nikashiba. Haikuwa njaa, ilikuwa wasiwasi. Mkazo wa muda mrefu hupandisha homoni ya kotisoli, na wengi huvutwa na vitamu na mafuta. Kukosa usingizi nako huongeza njaa.

Njia hii ni ya polepole, haina cha kumwonyesha jirani. Hata hivyo ningeanza nayo, maana bila kuijua ile saa nne, ningebana mchana na kulipiza usiku. Kama daktari ameshakuonya kuhusu sukari au presha, usisubiri: fuata masharti yake leo, na daftari lifunguliwe leo hiihii.