Jua la Kaskazi na bustani ya nyumbani: nini ununue kwanza

Wengi wanaoniuliza habari za bustani huanza na mpira wa maji. Mimi huwaambia mpira usubiri. Mboga zetu za uani hapa Unguja hazifi kwa kukosa maji tu. Zinakufa kwa kuwa maji tuliyomwagia asubuhi yashakwenda zake kabla ya adhuhuri. Kwa hivyo nimepanga manunuzi hivi: mwanzo vinavyoyaweka maji ardhini, ndipo vinavyoyaleta. Na wakati wake ni huu wa Vuli, mvua ikiwa bado inanyesha. Kaskazi, msimu wetu wa joto kali, ikishashika, Disemba mpaka mwanzoni mwa Machi, utakuwa huandai tena, unaokoa.

Nambari moja ni matandazo, yaani vitu vya kufunika udongo, na hapa sina shaka hata kidogo. Bora kuliko yote ni makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au kukatwakatwa. Kwa wanaofua nazi unayapata kwa bei ndogo sana, pengine bure ukienda na gunia lako. Ila uliza yametoka wapi: makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba, yamekunywa chumvi, na usipoyaosha kwa maji yasiyo na chumvi mara mbili tatu yatakuunguzia miche. Yanayofuata ni nyasi kavu ambazo hazijatoa mbegu. Pumba za mpunga nazo ni nzuri, lakini upepo wa Kaskazi huzipeperusha, kwa hivyo zitandike chini, nyasi juu. Nailoni nyeusi usinunue kwa msimu huu. Magugu inayazuia, lakini udongo wa chini yake unachemka. Tandaza unene wa vidole vinne, uache nafasi kidogo kuzunguka shina lisioze. Kisha siku moja saa nane mchana funua kwa mkono: chini ya makumbi utakuta udongo mbichi, wa baridi, na hatua moja pembeni ni vumbi tupu.

Pamoja na matandazo nunua samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza. Wenzetu wa uwandani, Makunduchi, Jambiani, Paje, ambako udongo ni kiganja kimoja juu ya jiwe, wasiianze Kaskazi bila hiyo. Mbolea ya kuku ikiwa bado mbichi iache. Harufu ikikupanda puani, ujue haijawa tayari.

Nambari mbili ni kivuli. Mwanzoni mwa Machi jua hapa kwetu linapita utosini kabisa, kwa hivyo ua wa pembeni hausaidii mchana. Unahitaji kitu cha juu. Rahisi ni makuti juu ya miti ya mivinje, yapangwe kwa kuachiana ili mwanga upenye. Neti ya kivuli inagharimu zaidi, lakini inadumu misimu kadhaa ukiihifadhi vizuri, na hapa ndipo watu wanapokosea kununua. Mimi mwenyewe niliwahi kuchukua ya asilimia 80, yaani inayozuia sehemu hiyo ya mwanga, nikidhani nzito ndiyo bora. Tungule (nyanya) zangu zilirefuka kama mlingoti, nyembamba, hazikushika hata moja. Kwa tungule, pilipili na bilingani chukua ya asilimia 30 hadi 50. Kwa mchicha na miche michanga, 50 inatosha. Bamia hazihitaji. Muombe muuzaji akunjue neti, uiinue juani, utazame kivuli chake chini kabla hujalipa. Ifunge juu ya kimo cha mtu, hewa ya moto ipate pa kutokea. Tungule, hata zikiwa na kivuli, hupukutisha maua joto la mchana likizidi nyuzi 32 hivi, basi usizilaumu mbegu.

Nambari tatu nampa mtungi wa udongo, na ningependa watu waurudie. Ule ule tuliokuwa tukipozea maji ya kunywa: ufukie mpaka shingoni, ujaze, ufunike, na mboga zipandwe kuuzunguka. Udongo ukikauka, mtungi unatoa maji taratibu. Ukiwa mbichi, unatulia. Sokoni ujaze maji, usubiri nusu saa, uuguse tumboni. Ukitoa jasho, nunua. Uliopakwa rangi hautoi kitu.

Nne ni pipa la lita 200 lenye kifuniko, la siku maji yanapokatika. Hakikisha halikuwa na dawa wala mafuta, na liweke kivulini.

Tano ndiyo mpira wa maji. Chukua mnene usiojikunja, na usiuache juani: maji ya mwanzo yanayotoka humo ni ya moto kweli kweli, yamwage pembeni mpaka yapoe.

Vifaa vya kumwagilia kwa matone nimeviweka mwisho si kwa ubaya. Ndoo ya lita 20 ikiinuliwa kimo cha mita moja inaendesha matuta madogo vizuri sana. Lakini maji ya visima vyetu yana chokaa, na vitundu huziba. Ukinunua, nunua vyenye chujio, na kila baada ya wiki chache pitisha maji yenye siki kidogo, kisha suuza. Uliyeko karibu na pwani, onja kwanza maji ya kisima chako. Yakiwa na munyu, hifadhi pesa zako kwa ajili ya pipa na bati la kukinga mvua.