Cubs au White Sox: ipi inafuatika ukiwa Afrika Mashariki?

Zote ni timu za besiboli za Chicago, Marekani, lakini saa ndizo zinazoamua. Msimu wa kawaida una mechi 162, na wakati huo Chicago huwa nyuma yetu kwa saa 8. Cubs bado huchezea mechi nyingi mchana pale uwanjani kwao, Wrigley Field (taa ziliwekwa mwaka 1988 tu!), hivyo mechi ya saa 7:20 mchana kwao huanza saa 3:20 usiku kwetu. White Sox hupendelea jioni; saa 1 kwao ni saa 9 usiku wa manane huku. Hapo lala, usome matokeo asubuhi.

Kwa takwimu za wachezaji wa zamani, Cubs ni rahisi: Ernie Banks alipiga homurani zake zote 512 akiwa nao (homurani ni pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote na kupata alama). Kwa White Sox, soma jedwali timu kwa timu. Frank Thomas ana homurani 521, ila alizopiga akiwa Sox ni 448. Wengi hunakili jumla na kukosea.

Sammy Sosa alichezea zote mbili. Homurani 545 kati ya zake 609 ni za Cubs.

Ubingwa wa mwisho? Sox 2005, Cubs 2016. Kwa mfanyakazi wa asubuhi, chagua Cubs.